Kumbukumbu Mpya, Hitilafu Mpya: Namna ya Kuitambua RAM Mbovu Baada ya Kuongeza Uwezo wa Kompyuta Mpakato

Utangulizi

Kompyuta mpakato ndogo zilizokwisha kutumika ng'ambo zimekuwa msaada mkubwa kwa wananchi wa Bagamoyo na mwambao wa kaskazini ya Dar es Salaam. Mwanafunzi wa sanaa anayerekodi ngoma, karani wa kikundi cha wavuvi, mwenye nyumba ya wageni na mwalimu wa shule huzinunua kwa sababu bei yake inahimilika. Nyingi kati ya hizo huja na kumbukumbu ya GB 4, nayo huelemewa mara programu kadhaa zinapofunguliwa kwa pamoja. Mwenye mashine hushauriwa aongeze RAM, na ushauri huo kwa kawaida ni sahihi, kwani ndiyo njia nafuu ya kuipa mashine ya zamani nguvu mpya.

Tatizo huanza pale kipande kipya kinapowekwa na mashine, badala ya kwenda vizuri, ikaanza kujizima, kuganda au kuharibu mafaili. Hapo mlaji huambiwa maneno mengi: kwamba kuna virusi, kwamba programu endeshi imechoka, kwamba diski inakufa. Hulipia matengenezo ya kwanza, kisha ya pili, ilhali chanzo ni kile kipande alichokinunua wiki iliyopita. Kwa mkazi wa Bagamoyo aliyenunua kipande hicho Kariakoo, safari ya zaidi ya kilomita 60 kwenda na nyingine kama hiyo kurudi ni gharama ya nauli na siku nzima ya kazi. Hivyo ni muhimu mlaji afunge safari akiwa na hakika ya tatizo na ushahidi mkononi.

Somo hili linakusudia kumwezesha msomaji kufanya mambo matatu: kuzitambua dalili za RAM mbovu, kupima kwa utaratibu ili ajue kama kosa liko kwenye kipande, kwenye sloti au kwenye kutooana kwa vipande, na kudai haki yake kwa muuzaji kwa hoja zinazosimama.

1. RAM hufanya kazi gani?

Mfikirie karani mwenye kabati na meza. Kabati ni diski, mahali pa kuhifadhi kazi hata umeme ukizimwa. Meza ni RAM, mahali pa kufanyia kazi kwa wakati huo. Kila faili hutolewa kabatini, huwekwa mezani, hufanyiwa kazi, kisha hurudishwa kabatini. Meza ikiwa pana, kazi huenda haraka.

Sasa fikiria kwamba meza hiyo ina kasoro inayobadilisha tarakimu moja moja bila karani kujua. Karatasi itakayorudishwa kabatini itakuwa na kosa, na kosa hilo litabaki humo. Hii ndiyo hatari kubwa ya RAM mbovu. Kipande cha GB 8 kina vijisehemu zaidi ya bilioni 68, na kila kimoja hushika alama ya sifuri au moja. Kijisehemu kimoja kikigeuka, katika faili la maandishi ya kawaida tarakimu 1 yaweza kuwa 9, kwa sababu alama za tarakimu hizo mbili ndani ya kompyuta zinatofautiana kwa nafasi moja tu. Shilingi 1,500 zikasomeka 9,500, wala hakuna king'ora kitakacholia.

Kwa hiyo mlaji asiichukulie RAM mbovu kama kero ya mashine kuzimika tu. Hesabu za kikundi, tasnifu ya mwanafunzi na picha za harusi zinaweza kuharibika kimyakimya huku mashine ikionekana kufanya kazi.

2. Dalili za kuangalia

Dalili zifuatazo, hasa zikianza siku kipande kilipowekwa au siku chache baadaye, zinaielekea RAM:

a) Mashine kutowaka kabisa, au kuwaka taa huku skrini ikibaki nyeusi, pengine ikitoa milio mifupi.
b) Skrini ya buluu inayotokea kwa sababu zinazobadilika kila mara: leo ujumbe mmoja, kesho mwingine.
c) Programu kujifunga bila mpangilio, au programu endeshi kushindwa kusakinishwa katikati ya kazi.
d) Mafaili yaliyobanwa au yaliyopakuliwa kukataa kufunguka kwa madai kwamba yameharibika, ilhali yanafunguka kwenye mashine nyingine.
e) Kiasi cha RAM kinachoonyeshwa kuwa pungufu ya kilichonunuliwa.

Kuhusu dalili ya mwisho, mlaji asiharakishe kulalamika. Upungufu mdogo, kwa mfano GB 7.9 badala ya 8, ni wa kawaida, kwani sehemu ya kumbukumbu hutengwa kwa ajili ya picha za skrini. Vilevile, Windows ya biti 32 kwa kawaida haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 kwenye kompyuta za nyumbani, hata ukiweka GB 16. Hapo kinachohitajika ni kubadili programu endeshi.

3. Kabla ya kupima: ilinde kazi yako

Mara unaposhuku RAM, acha kuhariri nyaraka muhimu kwenye mashine hiyo. Toa kipande kipya, rudisha cha zamani, kisha nakili mafaili yako kwenye diski ya nje au flashi. Usinakili huku kipande kinachoshukiwa kikiwa ndani, kwa sababu nakala hupitia RAM na yaweza kuharibika njiani. Wala usifute nakala zako za zamani hadi upimaji ukamilike, kwa kuwa huenda hizo ndizo pekee zilizo salama.

4. Soma lebo

Makosa mengi yanayoitwa ubovu ni kutooana. Kipande kizima kabisa kinaweza kukataliwa na mashine isiyokuwa ya aina yake. Kila kipande cha kompyuta mpakato kina lebo, na maandishi yake yana maana. Tuchukue mfano wa lebo isemayo 8GB 2Rx8 PC3L-12800S. Tarakimu ya kwanza ni ukubwa. PC3L ni kizazi cha DDR3L. Namba 12800 huonyesha kasi, yaani megabaiti 12,800 kwa sekunde. Herufi S huonyesha kuwa ni kipande kifupi cha kompyuta mpakato, si kile kirefu cha kompyuta ya mezani.

Vizazi hutofautiana kwa idadi ya pini: DDR2 ina pini 200, DDR3 ina 204, DDR4 ina 260, na DDR5 ina 262. Pengo lililochongwa katikati ya vijino hukaa mahali tofauti kwa kila kizazi, hivyo DDR4 haiingii kwenye sloti ya DDR3. Kipande kikigoma kuingia, usikilazimishe.

Mtego uko kati ya DDR3 na DDR3L. Hivi viwili vina umbo moja na pini 204, na vyote huingia bila shida. Tofauti ni umeme: DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, na DDR3L hutumia volti 1.35. Kompyuta ndogo nyingi zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2013 zinahitaji DDR3L. Ukiweka PC3 mahali panapotaka PC3L, mashine yaweza kukataa kuwaka au ikawaka na kuyumba. Herufi moja, L, ndiyo inayoamua.

Angalia pia kikomo cha mashine. Lenovo ThinkPad X230, kwa mfano, ina sloti mbili na hupokea hadi GB 16, lakini ndugu yake X240 ina sloti moja tu, na kikomo kilichotangazwa na mtengenezaji ni GB 8. Baadhi ya kompyuta nyembamba, kama vile MacBook Air, zina RAM iliyounganishwa moja kwa moja kwenye ubao mama na haziongezeki kabisa. Tafuta jina kamili la mashine yako, ambalo aghalabu huandikwa chini ya mashine, kabla ya kununua chochote.

5. Kagua namna kilivyokaa

Zima mashine kabisa, usiilaze tu. Chomoa chaja, toa betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliosalia uishe. Ikiwa betri iko ndani na haitoki kwa urahisi, mwachie fundi kazi hiyo. Gusa chuma kilicho wazi kabla ya kugusa RAM, kwani umeme tuli wa mwilini unaweza kukiua kipande bila wewe kuhisi chochote. Shika kipande kwa kingo zake, usiguse vijino vya rangi ya dhahabu.

Kipande huingizwa kwa mshazari, takriban nyuzi 30, husukumwa hadi mwisho, kisha hulazwa chini hadi vishikizo vya pande mbili vifunge kwa mlio. Kikikaa upande, au vijino vikionekana nje kwa upande mmoja zaidi ya mwingine, hakijaingia. Kosa hili dogo ndilo la kwanza kuondolewa, kwa kuwa halina gharama.

Kwa wakazi wa mwambao kuna jambo la ziada. Hewa ya bahari ina unyevu na chumvi, na mashine iliyokaa miaka mingi karibu na pwani inaweza kuwa na utando kwenye vijino na ndani ya sloti. Futa vijino taratibu kwa kitambaa laini kisicho na manyoya kilicholoweshwa kidogo kwa alkoholi safi ya kusafishia vifaa vya umeme, acha vikauke, kisha urudishe. Usitumie msasa wala kisu, maana vitaondoa dhahabu yenyewe na ubovu utakuwa wa kudumu.

6. Pima kwa programu

Macho hayawezi kuona kijisehemu kilichokufa kati ya bilioni 68. Yapo mambo mawili yasiyogharimu fedha ambayo mlaji anaweza kuyafanya.

La kwanza ni kipimo kilichomo ndani ya Windows. Andika neno mdsched kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua programu itakayotokea, na uchague kuwasha upya mara moja. Kipimo kikianza, bonyeza F1, chagua kipimo kirefu, kisha bonyeza F10. Matokeo huonyeshwa baada ya mashine kuwaka tena.

La pili ni programu ya Memtest86+, inayotolewa bure. Huwekwa kwenye flashi tupu, kwani kila kilichomo hufutwa, na mashine huwashwa kupitia flashi hiyo. Kipimo hiki hufanya kazi bila Windows na hivyo huweza kuigusa karibu kumbukumbu yote. Kiache kimalize angalau mzunguko mmoja mzima. Usiku kucha ni bora zaidi, kwa sababu baadhi ya kasoro hujitokeza pale kipande kinapopata joto. Rudisha betri na uchomeke chaja kabla ya kuanza, ili umeme wa nyumbani ukikatika kipimo kisikatike nao.

Kanuni ya kusoma matokeo ni moja: RAM nzima hutoa makosa sifuri. Asikudanganye mtu kwamba kosa moja au mawili ni kawaida. Lakini makosa yanapoonekana, bado hujajua ni kipande kipi. Ndipo tunapofika kwenye hatua inayoamua.

7. Badilisha kimoja kimoja

Jambo linalowachanganya wengi ni kubadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja, kisha kushindwa kujua kipi kimeleta mabadiliko. Chukua daftari, zipe sloti majina ya A na B, na upime hivi: kipande cha zamani peke yake kwenye A, kipya peke yake kwenye A, cha zamani peke yake kwenye B, kipya peke yake kwenye B, na mwisho vyote viwili pamoja. Andika matokeo ya kila hatua. Kisha soma:

– Kipya kikitoa makosa kwenye sloti zote mbili na cha zamani kikipita kwenye zote, kipande kipya ndicho chenye kasoro, au hakifai kwa mashine hiyo. Rudi kwenye lebo kutofautisha. Kama lebo inalingana na mahitaji ya mashine, kipande ni kibovu.
– Vyote viwili vikipita kwenye A na kushindwa kwenye B, kosa liko kwenye sloti au ubao mama. Muuzaji wa RAM hana hatia hapa.
– Kila kimoja kikipita peke yake kwenye sloti zote, lakini vyote pamoja vikitoa makosa, basi havioani. Suluhisho ni kutumia vipande viwili vya aina moja, au kipande kimoja kikubwa.
– Vyote vikipita katika kila hali, tafuta kwingine: diski, joto, betri au programu endeshi.

Kwenye mashine yenye sloti moja, pima cha zamani, kisha kipya. Ukiweza, azima mashine ya pili ya aina hiyohiyo na ukipime kipande kipya humo. Kipande kinachotoa makosa kwenye mashine mbili zilizo nzima hakina utetezi.

8. Haki zako kwa muuzaji

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Dai risiti ya mashine ya EFD kila unaponunua. Kabla ya kukiweka kipande, piga picha lebo yake ikionyesha namba ya utambulisho. Picha hiyo humlinda mlaji dhidi ya kuambiwa kwamba kipande si cha duka hilo, na humlinda muuzaji mwaminifu dhidi ya kurudishiwa kipande kisicho chake.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji afanye zaidi ya kukabidhi kitu chenye jina la RAM. Bidhaa inayouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo hayo. Mnunuzi akimweleza muuzaji wa bidhaa za aina hiyo matumizi anayoyakusudia, na akategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Hii ndiyo faida ya kutaja jina kamili la mashine yako dukani, na hata kuomba liandikwe kwenye risiti. Kasoro ambayo mnunuzi angeiona kwa kuitazama bidhaa aliyoikagua hailalamikiwi kwa urahisi. Lakini kasoro ya RAM haionekani kwa macho, na hapo ndipo matokeo ya kipimo yanapokuwa na uzito.

Muda nao una maana. Mnunuzi anayekaa na bidhaa kwa muda mrefu kupita kiasi bila kumjulisha muuzaji kwamba anaikataa huhesabiwa kuwa ameipokea. Pima ndani ya siku za mwanzo, na ukiona makosa toa taarifa siku hiyohiyo, hata kwa ujumbe wa simu, kabla hujapata nafasi ya kusafiri. Ujumbe waweza kuwa hivi:

"Ndugu muuzaji, tarehe ...... nilinunua kwako kipande cha RAM chenye namba ......, risiti namba ......, kwa ajili ya kompyuta aina ya ....... Nimekipima peke yake kwenye sloti zote na kimetoa makosa. Kipande cha zamani kimepita bila kosa. Picha za matokeo ninazo. Naomba nibadilishiwe au nirudishiwe fedha. Nitafika dukani tarehe ......."

Ujumbe wa namna hii hautukani wala haumshutumu mtu. Unaeleza kilichofanyika na kinachoombwa, na wauzaji wengi hubadilisha bidhaa wanapoona kazi imefanywa kwa utaratibu. Ni haki pia muuzaji kuomba kukipima kipande mbele yako. Kubali, na usiondoke kabla matokeo hayajapatikana.

Muuzaji akikataa kusikiliza, Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, kama vile kuuza kipande kilichotumika kwa madai kwamba ni kipya. Maneno "bidhaa iliyouzwa hairudishwi" ukutani au kwenye risiti yasikukatishe tamaa. Wasilisha malalamiko kwa maandishi kwenye Tume ya Ushindani ukiambatisha risiti, picha ya lebo, picha za matokeo na nakala ya ujumbe wako. Madai ya fedha kidogo yanaweza pia kufunguliwa kwenye Mahakama ya Mwanzo.

Maswali ya kujipima

1. Kompyuta yako inahitaji PC3L, na kipande ulichopewa kimeandikwa PC3. Kimeingia vizuri kwenye sloti. Je, ukikubali?
2. Kipande cha zamani na kipya vyote vinatoa makosa kwenye sloti B tu. Nani wa kuonana naye: muuzaji wa RAM au fundi wa ubao mama?
3. Kwa nini si salama kunakili mafaili huku kipande kinachoshukiwa kikiwa ndani ya mashine?
4. Taja vitu vinne utakavyobeba siku ya kurudi dukani.

Msomaji aliyejibu maswali haya bila kurudi nyuma yuko tayari kununua. Aliyekwama arejee sehemu husika kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa saa moja ya kusoma ni nafuu kuliko nauli ya safari ya pili.